Ubuyu wa Kuonja

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi wanyama walipokuwa wakijenga nyumba zenye milango na komeo, palikuwa na mji mmoja ulioitwa Vichakani. Nyani alikuwa na duka la viungo. Mama Kobe alikuwa na ua mpana uliojaa majani makavu kila siku ya Mungu. Na Tembo, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, ndiye aliyekuwa sheha wa mji. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bibi Sheha, na kila ugomvi ulipelekwa barazani kwake.

Fisi na Chui nao walikaa Vichakani, nyumba zao zikitazamana. Najua mnataka kuniuliza: ilikuwaje Digidigi akapata usingizi, na jirani yake ni Chui? Ilikuwa hivi. Mla nyama yeyote aliyetaka kuishi mjini alikula kiapo kwamba atakula dagaa na maharage, wala hatamgusa jirani. Na kwa kuwa kiapo peke yake hakimtoi mtu wasiwasi, kila asubuhi ya sikukuu wala nyama wote walipanga mstari kwenye lango la uwanja wa pembea. Walifungua vinywa, na Bibi Sheha akavikagua mbele ya watu. Mwenye damu kinywani angefukuzwa akaishi ng'ambo ya mto, yeye na godoro lake. Asiyekuja kukaguliwa alihesabiwa kuwa ana la kuficha. Miaka ilipita, na hakuna aliyewahi kufukuzwa.

Katika mji huo alikuwepo mtoto wa Kindi, jina lake Sikudhani. Alikuwa mdogo wa umbo hata kwa kindi, lakini mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mawazo. Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu moyoni: kupanda pembea.

Pembea ya Vichakani lilikuwa gurudumu kubwa la mbao lenye viti vinavyoning'inia, likizungushwa kwa mikono na wenye nguvu. Ukifika juu kabisa, waliopanda walisema, unaona hata mapaa ya mji wa pili. Sikukuu iliyopita Sikudhani alikataliwa kwa sababu mikono yake haikufika kwenye kishikio. Tangu hapo kila asubuhi alijipima kwenye mlango wa jikoni, na sasa mikono ilikuwa inafika.

Kilichokuwa hakifiki ni pesa. Mama yake alisuka mikeka, na kila mwaka alimtolea mwanawe kitu cha sikukuu kutoka kwenye pindo la kanga. Lakini masika ya mwaka ule yaliezua nyumba yao, na pesa zote zilikwenda kwa fundi.

"Mwaka huu, mwanangu," Mama Kindi alimwambia, "sikukuu yetu imepanda juu ya paa."

Sikudhani akainua macho akalitazama paa jipya. Lilikuwa paa zuri, halivuji. Lakini paa halizunguki. Basi akamwomba mama yake ruhusa ya kutafuta vibarua vya kitoto, na mama akakubali, ila kwa sharti kwamba asifanye kazi inayomzidi kimo na asichelewe kurudi.

Alianzia kwa Mama Kobe. Alimfagilia ua mpaka ukang'aa, na Mama Kobe akafurahi, akasema anaingia ndani kumletea ujira wake. Aliingia. Sikudhani akakaa kizingitini, akasubiri, jua likapanda, kivuli kikahama kutoka upande mmoja wa ua kwenda wa pili, ndipo Mama Kobe akatokea mlangoni na senti zake mkononi, akihema kwa haraka aliyokuwa nayo. Alilipa vizuri, hilo lazima niseme. Lakini kumngojea kulichosha kuliko kufagia.

Kesho yake akaenda kuchota maji kwa Bwana Kifaru. Ndoo ya Kifaru ilikuwa kubwa kiasi kwamba Sikudhani angeweza kuhamia humo na mizigo yake. Akachota kwa kikombe, akakimbia kisimani na kurudi, kisimani na kurudi, mpaka kikombe kikatimiza kiasi cha maji kinachoonekana. Kifaru akaja, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja, gwii, kisha akamuuliza kwa upole kama maji bado yako njiani.

Akajaribu pia kulea watoto wa Mama Bata. Watoto wale walikuwa na adabu sana nchi kavu, lakini walipoona bwawa wakatumbukia wote, na Sikudhani hajui kuogelea. Alishinda akikimbia ukingoni akiwaita majina, na kila akiita huyu, yule anapiga mbizi. Jioni ile alirudi nyumbani sauti imekauka.

Mama yake akamkanda miguu na kumwambia asikate tamaa. Alimwambia kwamba kosa lake ni kufanya kazi ambazo kila mtu anaweza kuzifanya vizuri kuliko yeye. Atafute ile ambayo mguu wake unaijua na mguu wa Kifaru hauijui.

Sikudhani akafikiri. Mguu wake ulijua kupanda. Na nje kidogo ya mji ulikuwepo mbuyu mrefu, laini kama ukuta uliopigwa lipu, mabuyu yakining'inia juu bila mwenyewe, kwa maana hakuna aliyeweza kuyafikia. Asubuhi alikuwa huko. Alipanda mpaka matawini, akayakata vikonyo kwa meno, na mabuyu yakaanguka: pu, pu, pu.

Kwa senti za Mama Kobe alinunua sukari na iliki dukani kwa Nyani. Mama akamfundisha. Walichemsha sukari na maji mpaka yakawa mazito, wakatia iliki, chumvi kidogo na pilipili ya kuamsha ulimi, kisha wakamimina punje za ubuyu na kugeuza kwa mwiko hadi kila punje ikavaa koti lake. Rangi hawakutia, kwa sababu rangi ilikuwa ghali. Ubuyu ukatoka wa kahawia, haukuwa na sura, lakini ukiuweka mdomoni huutemi mpaka imebaki kokwa tupu.

Sikudhani akakunja vifuko vya karatasi, akaupanga ubuyu kwenye kopo kubwa, akaketi njia ya kisimani. Siku ya kwanza aliuza nusu kopo kabla ya adhuhuri. Watoto walinunua, mama zao wakanunua, hata Kifaru alinunua, ingawa alikula na karatasi yake. Sikudhani alirudi nyumbani mkia juu.

Siku ya pili akapita Fisi.

Sikudhani akamwamkia, "Shikamoo, Mjomba," na Fisi akaitikia vizuri, akauliza habari za mama, akauliza bei. Alipoambiwa bei, akasema yeye hanunui kitu asichokijua. Muuzaji asiyeonjesha, alisema, ana jambo. Sikudhani akaona ni haki, akamsogezea kopo ili achukue punje.

Fisi akaingiza mkono. Mkono wa Fisi, watoto wangu, ni kama ungo. Ulipotoka, kopo lilikuwa limepungua kwa kima cha kidole. Akatia punje zote kinywani, akatafuna, krau krau, akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari ya mbali, akasema hajaipata ladha vizuri. Akaonja tena. Kisha akamwita Chui, aliyekuwa akipita upande wa pili na fimbo yake ya kutembelea, aje aonje na yeye wasaidiane mawazo.

Chui alionja kwa ustaarabu, kwa ncha za kucha, lakini alionja kwa muda mrefu. Walipomaliza kusaidiana mawazo, sauti ya kucha ilikuwa inakwaruza chini ya kopo. Chui akasema umezidi pilipili. Fisi akasema umepungua pilipili. Wakakubaliana kwamba kwa ubuyu wenye mgogoro namna ile hawawezi kutoa pesa yao, wakaenda zao wakiramba vidole.

Sikudhani alibaki na kopo tupu. Hakulia pale pale. Alilia alipofika kwa mama yake.

Siku iliyofuata alipika tena kwa senti zilizobaki, akahamia njia nyingine, ile ya kwenda sokoni. Walimfuata huko huko. Fisi alisema amelala usiku kucha akifikiria ubuyu ule, na kwamba leo ameamua kuonja kwa makini zaidi. Wakala kopo la pili.

Mama Kindi akavaa kanga yake ya kutokea, akamshika mwanawe mkono, wakaenda barazani kwa Bibi Sheha. Fisi na Chui wakaitwa. Watu wengi wakaja kusikiliza, kwa sababu siku ile hapakuwa na kazi nyingi.

Bibi Sheha aliuliza taratibu, na Fisi akajibu akiwa na uso wa huzuni. Alisema anashangaa mtoto mdogo kuwazulia watu wazima. Ni kweli alionja, hakatai, lakini kuonja ni desturi tangu enzi za babu zao.

"Umeonja kiasi gani?" Bibi Sheha akauliza.

"Punje moja, Bibi Sheha. Naapa mbele ya mji. Moja tu, kila nilipopita."

Chui naye akaapa hivyo hivyo, mkono kifuani: punje moja. Akaongeza kwamba labda mtoto alikula mwenyewe ubuyu wake, maana watoto wana tabia hiyo. Baadhi ya watu wakacheka. Sikudhani alisikia masikio yake yakiwaka moto.

Bibi Sheha alimtazama mtoto, akawatazama wale wawili, akapumua pumzi ndefu. Hakuna shahidi, alisema, na kuonja punje moja si kosa. Hawezi kuhukumu kwa kile ambacho hakuna aliyekiona. Alipolifunga shauri, uso wake haukuwa wa mtu aliyeridhika.

Njiani Mama Kindi alimwambia mwanawe waache. Wale ni watu wakubwa, na sikukuu imeshafika, kesho kutwa tu. Labda mwakani. Mwakani ni mbali mno kwa mtoto.

Sasa sikilizeni vizuri. Kesho yake asubuhi, yaani siku ya mkesha wa sikukuu, Mama Kindi alimtuma Sikudhani dukani kwa Nyani kununua chumvi. Alimkuta Nyani anapima rangi nyekundu ya kupikia, unga mwekundu sana, kwa ajili ya wapishi wa halua. Mikono yake ilikuwa imepakaa hadi kwenye viwiko. Ndipo akaingia Mama Bata na kikapu chake. Kabla hajatoa salamu, akaiona mikono ile, na kikapu kikamdondoka.

Alidhani Nyani amemchinja mtu nyuma ya duka. Ilibidi Nyani amfuate mpaka barabarani akimwonyesha pakiti ya rangi, na Mama Bata alirudi akiwa bado anatetemeka, akinung'unika kwamba mfanyabiashara hapaswi kukaa hivyo mbele ya wateja. Nyani akamwomba radhi, akasema amekwisha kujaribu sabuni na jivu na ndimu, lakini rangi ile ikishashika haitoki upesi.

Sikudhani alisimama pale na chumvi yake mkononi. Aliitazama mikono ya Nyani. Alimtazama Mama Bata. Kisha akatazama dirishani, kule uwanjani, ambako vijana walikuwa wakipamba lango la sikukuu kwa makuti, lango lile ambalo kesho wala nyama wangepanga mstari.

Akamuuliza Nyani kama anaweza kupata pakiti moja ya rangi ile ailipe kwa kufagia duka. Nyani alikuwa na huruma naye kwa yaliyotokea barazani. Akampa pakiti, na kibaba cha sukari juu yake, akamwambia asimwage kwenye nguo nyeupe.

Mama alishangaa kumwona mwanawe anapika tena, na alishangaa zaidi kuona pakiti nzima inaingia sufuriani. Kwa kawaida kijiko kimoja kinatosha. Akamuuliza kama ana akili zake. Sikudhani akamwambia ubuyu wa sikukuu lazima uwe na rangi ya sikukuu. Mama Kindi akamtazama kwa pembe ya jicho, kisha akaendelea kusuka mkeka wake.

Ubuyu ule ulitoka mwekundu kama kilemba cha jogoo. Sikudhani aliugeuza kwa mwiko mrefu, hakuugusa kwa kidole. Alipofika njia ya kisimani, alichota punje chache kwa kijiko akazifunga kwenye kifuko kimoja, akakiweka mfukoni. Zilizobaki akaziacha kwenye kopo, wazi, juani, zikimetameta.

Hakungoja sana. Fisi alitokea akiwa na Chui, wote wawili wanatembea kama watu wasio na safari maalumu.

"Shikamooni," Sikudhani akasema. "Leo naomba msionje, wajomba. Huu ni wa sikukuu, na rangi yake ni kali."

Alisema kweli tupu, kama mnavyosikia. Lakini kumwambia Fisi asile ni sawa na kumwambia maji yasiteremke. Fisi alicheka sana, akamuuliza Chui kama amewahi kusikia ubuyu unaokataa kuonjwa. Akaingiza ule ungo wake. Chui akaweka fimbo chini. Walionja kutoka juu, wakaonja katikati, wakaonja pembeni, na mwisho Fisi akaliinua kopo, akaliinamisha kinywani, na vumbi tamu lililobaki likamteremkia kidevuni mpaka kifuani.

"Bado," alisema, "sijaipata ladha vizuri."

Wakaondoka. Sikudhani akaokota kopo lake tupu, na safari hii alikwenda nyumbani akirukaruka.

Wale wawili hawakufika mbali. Chui alimgeukia Fisi ili amwambie kitu, akanyamaza. Fisi akamtazama Chui, akaangua kicheko, kisha kicheko kikamkatikia katikati, kwa sababu kila mmoja alikuwa anatazama kinywa chekundu, meno mekundu, masharubu mekundu, kama cha mtu aliyetoka kula ndama. Chui ndiye aliyekumbuka kesho ni siku gani. Wakakimbilia mtoni. Walisugua kwa mchanga, wakasugua kwa jivu, wakasukutua mpaka mashavu yakauma. Wekundu ukazidi kung'aa.

Chui alitaka wabaki majumbani wajifanye wagonjwa. Lakini asiyekuja ana la kuficha, na tena kesho kutakuwa na pilau la maharage na dagaa, sufuria nzima, na Fisi hajawahi kukosa pilau. Wakaamua watakwenda wakiwa wamefumba midomo, na zamu yao ikifika watafungua kidogo sana, upesi sana.

Asubuhi ya sikukuu mji wote ulikuwa langoni umevaa nguo mpya. Ngoma zilipigwa. Paka-mwitu akafungua kinywa: cheupe. Mbweha akafungua: kina mabaki ya maharage. Watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya Fisi.

Jambo la kwanza lililowashangaza watu ni kwamba Fisi alikuwa amenyamaza. Hakuna aliyewahi kumwona akiwa amefumba mdomo. Jambo la pili ni kwamba alikuwa amejifunga shuka shingoni mpaka kifuani, na jua lile linachoma. Bibi Sheha akamsalimia, akamwambia afungue. Fisi akafungua kiasi cha kupitisha sindano, akafumba.

"Zaidi, Bwana Fisi," Bibi Sheha akasema.

Akafungua zaidi, na ngoma zikanyamaza zenyewe. Mama Bata akawafunika watoto wake macho kwa mabawa. Bibi Sheha akanyoosha mkonga, akavuta shuka, ikaanguka, na kifua chekundu kikaonekana. Akamgeukia Chui, aliyekuwa ameanza kurudi nyuma polepole, akamwambia naye afungue. Chui akafungua.

Hapo hapo Mama Digidigi akapaza sauti kutoka katikati ya watu. Mume wake, alisema, alitoka nyumbani alfajiri, hajarudi mpaka sasa. Aliwauliza wenzake mmoja mmoja kama wamemwona, na hakuna aliyemwona.

Sikudhani alikuwa amesimama karibu na mama yake. Hilo la Digidigi hakuwa amelipanga. Alitaka wale wawili waaibike, hakutaka mtu alie. Basi hakungoja aitwe, akapita katikati ya miguu ya wakubwa mpaka mbele.

"Bibi Sheha," alisema, "mimi najua hawa walionja ubuyu wangu jana, na ubuyu ulikuwa mwekundu."

Fisi akapumua kama mtu aliyetolewa mwiba. Akamkumbatia kwa maneno, mwanangu, kipenzi changu, akasema mji umsikilize mtoto, mtoto hasemi uongo. Ni ubuyu tu. Yeye na Chui walionja ubuyu.

"Mlionja kiasi gani?" Bibi Sheha akauliza.

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Mji mzima ulikuwa unasikiliza, wale wale waliokuwepo barazani.

"Moja," akasema. "Punje moja, kama nilivyoapa."

Sikudhani akatoa kifuko mfukoni, akampa Bibi Sheha. Akasema zimo punje kutoka kopo lile lile. Bibi Sheha akamwita mtoto wa Mama Kobe, akamwekea punje moja ulimini, akamwambia amumunye. Watu wakasubiri. Mtoto alipotoa ulimi, palikuwa na alama nyekundu katikati, ndogo kama kidonda cha mbu. Basi.

Bibi Sheha akautazama ulimi ule muda mrefu. Kisha akakitazama kinywa cha Fisi.

"Punje moja nimeiona inavyofanya," alisema kwa sauti yake ya taratibu. "Wewe umeapa mara mbili kwamba ulikula moja. Mimi sina ruhusa ya kukuita mwongo, Bwana Fisi. Basi wekundu huu mwingine wote ni wa nani?"

Mama Digidigi akaanza kulia. Vijana wawili wa Kifaru wakatoka kwenye umati, wakaenda kusimama upande wa njia ya mtoni. Fisi akaona godoro lake likivuka mto.

"Nilikula kopo zima," akasema.

"Sijakusikia."

"Kopo zima! Mimi na Chui! Na la juzi, na la siku ile nyingine! Nilikunywa hata vumbi lake! Jamani, mimi si muuaji, mimi ni mwizi wa ubuyu!"

Chui alifumba macho kwa aibu, akainua mkono, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, na kwamba pilipili haikuwa imezidi wala kupungua.

Kabla kicheko hakijaisha, akatokea Digidigi mwenyewe, mzima, anahema, suruali mpya mkononi. Alikuwa kwa fundi cherehani tangu alfajiri. Suruali iliyoahidiwa wiki nzima nyuma ilikuwa haijashonwa hata mguu mmoja, na aliapa hatoki pale bila nguo yake. Aliuliza kwa nini kila mtu anamtazama. Mkewe alimkumbatia, kisha akamgombeza mbele ya watu wote.

Bibi Sheha akatoa hukumu papo hapo. Chui, ambaye alikuwa na pesa, alilipa sehemu yake yote, hata punje za kuonja. Fisi hakuwa na kitu, mifuko yake ilikuwa na mashimo tangu iliposhonwa. Akaambiwa atalipa kwa mikono ile ile iliyoingia koponi: atazungusha pembea sikukuu yote, na ujira wake utapewa mtoto wa Kindi.

Basi Sikudhani akapanda. Alishika kishikio kwa mikono miwili, mama yake akiwa kiti cha pili, akicheka na kupiga kelele kama msichana. Chini yao Fisi alisukuma, kinywa chekundu wazi, jasho likimtiririka. Pembea ikalia kriii, ikapanda taratibu juu ya makuti ya lango, juu ya duka la Nyani, juu ya paa lao jipya, mpaka mapaa ya mji wa pili yakaonekana, kama walivyosema.

Na tangu mwaka ule, Vichakani, mtu hulipa kwanza ndipo aonje.

Hapo ndipo ninapoukunja mkeka wangu, watoto, na neno la kwenda nalo nyumbani ni hili: jasho la mdogo usilile ukadhani halina rangi.